Dondoo muhimu: Kuanza kupiga dramu za roki

Usisubiri kununua seti. Vijiti viwili na mto mgumu vinatosha kwa wiki za mwanzo. Mto haurudishi kijiti, kwa hiyo kifundo cha mkono hulazimika kufanya kazi chenyewe. Majirani nao watakushukuru.

Chagua wimbo mmoja unaoupenda. "Back in Black" wa AC/DC, wa mwaka 1980, unafaa sana kwa sababu mpiga dramu wao, Phil Rudd, hapigi mbwembwe. Kabla ya kuufuata, hesabu moja hadi nne: mguu wa kulia ukanyage kwenye moja na tatu, mkono wa kushoto upige kwenye mbili na nne, wa kulia ugonge mara nane, sawasawa. Hapo mikono na miguu itagombana. Punguza kasi mpaka ipatane, hata kama mdundo utasikika umelala.

Dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Ukikata tamaa, mtazame Rick Allen, mpiga dramu wa bendi ya Def Leppard. Alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari mwishoni mwa 1984, akatengenezewa dramu za kielektroniki, mguu ukachukua kazi ya mkono. Mwaka 1987 bendi ikatoa albamu ya Hysteria, naye bado yuko kitini.

Seti halisi? Makanisa mengi ya mijini yanayo. Zungumza na kiongozi wa kwaya. Na vaa viziba masikio: usikivu ukiharibiwa na kelele, haurudi.