Kuwatafuta Mababu wa Machimboni Wales

Somo letu mara hii ni la nchi ya Wales, iliyo magharibi ya Uingereza. Upande wa kaskazini watu walipasua mawe ya kuezekea nyumba. Upande wa kusini walichimba makaa ya mawe. Leo wajukuu wao wanawatafuta.

Taabu ya kwanza ni jina. Zamani mtu wa Wales aliitwa kwa jina la baba yake, na neno lao «ap» lilifanya kazi ya «bin» ya kwetu pwani. Majina hayo yalipogeuka kuwa ya ukoo, yakabaki machache: Jones, Williams, Davies, Evans. Kijiji kimoja chaweza kuwa na akina John Jones kadhaa, wote wachimbaji. Anayeshika jina peke yake ataishia kumlilia babu wa mwenziwe!

Basi ashike nyumba, kazi na mahali pa kuzaliwa. Sensa ya 1841 ina majina, lakini ile ya 1851 ni bora zaidi, maana yataja parokia aliyozaliwa mtu. Cheti cha ndoa, tangu Julai 1837, chaonyesha baba wa bwana na baba wa bibi arusi, pamoja na kazi zao. Naona hiyo ndiyo karatasi ya kutafutwa kwanza.

Kwa ubatizo, daftari za Kianglikana hazitoshi. Wachimbaji wengi walisali kwa Wamethodisti na Wabaptisti, na daftari nyingi za makanisa hayo zimo katika Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth.

Vifo navyo viliandikwa. Huko Senghenydd, tarehe 14 Oktoba 1913, mlipuko uliwaua wachimbaji 439, na mwokoaji mmoja akafa pia. Lakini wengi walikufa mmoja mmoja, kwa kuangukiwa na jiwe, bila magazeti ya mbali kuwataja. Hao watafutwe katika taarifa za kila mwaka za wakaguzi wa migodi.

Na babu asipoonekana nyumbani katika sensa ya 1901, tusiseme upesi kwamba amekufa. Mgogoro wa machimbo ya Penrhyn, karibu na Bethesda, ulidumu toka 1900 hata 1903, na wanaume wengi walikwenda kusini kutafuta kazi ya makaa. Mke ameandikwa Bethesda pamoja na watoto. Mume yumo katika nyumba ya kupanga, kusini, miongoni mwa wageni.