Kabla ya Kuhama, Uliza: Kupima Habari za Mafuriko ya Mto Tana

Ndugu mkazi, jua linawaka Wema, hakuna wingu, na simu inalia: "Masinga imefunguliwa! Hameni usiku huu!" Ujumbe hauna tarehe wala jina la aliyeuandika. Jirani mmoja anafunga virago. Mwingine anasema ni uvumi, mbona mvua haijanyesha? Wote wawili wameamua kabla ya kuuliza.

Uliza kwanza maji hutoka wapi. Mafuriko yetu makubwa hayaletwi na mvua ya Garsen. Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, kisha hupita mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Anga safi hapa kwetu si ushahidi wa usalama.

Kisha soma maneno yenyewe. "Limejaa", "linamwagika" na "limefunguliwa" ni mambo tofauti. Masinga hujaa maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na ya ziada huteremka kwenye mabwawa yaliyo chini yake. La mwisho ni Kiambere. Kwa hiyo swali letu ni: je, Kiambere linamwagika?

Hapa ndipo hata watu makini hukosea. Wakisikia mabwawa bado yana nafasi, hulala usingizi. Lakini mito ya Mutonga na Kathita, itokayo Mlima Kenya, huingia Tana ikiwa imeshapita Kiambere. Mabwawa yale hayaizuii. Ndiyo maana ni lazima pia kuuliza mto umefika wapi Garissa. Maji yaliyopita Garissa huchukua siku kadhaa kutufikia, na siku hizo ndizo za kubeba mizigo.

Halafu pima hasara. Ukihamisha mbegu na mbuzi maji yasije, umepoteza nauli na jasho. Ukibaki yakaja, umepoteza mbegu, mbuzi, na pengine mtu. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalibomoa hata matuta ya mradi wa mpunga wa delta. Basi usingoje uhakika wote. Wazee, watoto na mbegu watangulie. Mahindi yaliyokomaa yavunwe. Mengine yasubiri habari ya pili kutoka kwa chifu au Msalaba Mwekundu.

Na mahali pa kuhamia pazungumzwe mapema barazani. Miinuko tunayokimbilia ni malisho ya wafugaji pia, na mazungumzo ya usiku wa maji huwa mabaya.

Zoezi la nyumbani: chukua ujumbe wa mwisho wa mafuriko uliotumiwa. Nani kauandika, lini, anataja bwawa gani, na Garissa wanasema nini? Ukikosa majibu mawili, mpigie mzee wa kijiji kabla ya kuusambaza.