Mtoto anayekoroma: maandalizi ya upasuaji na uuguzi nyumbani

Watoto wengi hukoroma wakiwa na mafua, na mafua yakiisha hunyamaza. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, akilala kinywa wazi, na wakati mwingine pumzi ikikatika kisha akashtuka, anahitaji kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi kisababishi ni mafindofindo makubwa pamoja na nyama zilizo nyuma ya pua, na wengi hupata nafuu yakitolewa kwa upasuaji mdogo. Kukata kimeo kwa wembe nyumbani si mbadala. Kumewahi kuua watoto kwa kutokwa na damu na maambukizi.

Mapema, wazazi wahakikishe mtoto ameandikishwa chini yao katika SHA na waulize hospitalini ni gharama zipi zinazolipiwa. Daktari aelezwe kama mtoto ana pumu au selimundu, kama hutokwa na damu kwa muda mrefu anapojikata, na dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Jino linalolegea litajwe pia, kwa kuwa mrija wa kupumulia hupitishwa mdomoni. Akipata homa au kikohozi, hospitali ijulishwe. Huenda siku ikaahirishwa.

Chakula na maziwa husimamishwa saa sita kabla ya nusukaputi, na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa hospitali imetoa maagizo tofauti. Nyanya anayemhurumia mjukuu na kumpa chai ya maziwa alfajiri anamweka hatarini, maana kilicho tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Upasuaji hufanywa kupitia mdomoni na kwa kawaida hauzidi saa moja. Kazi kubwa huanza nyumbani. Koo huuma kwa wiki moja hadi mbili, na maumivu hufika hadi masikioni. Utando mweupe kooni na harufu mbaya mdomoni huwatisha wazazi, lakini ni kidonda kinachopona, si usaha. Parasetamoli itolewe kwa saa zilizopangwa bila kungoja mtoto alie. Asipewe aspirini wala dawa yenye kodeini. Anywe maji mara kwa mara, hata vijiko vichache, kwa sababu koo likikauka huuma zaidi. Uji, viazi vya kuponda, mayai na wali laini vinafaa. Mahindi ya kuchoma, pilipili na maji ya machungwa visubiri. Vinywaji vyekundu viepukwe, visije vikadhaniwa damu akitapika.

Damu ndiyo hatari kubwa. Huweza kutoka katika saa 24 za kwanza, au kati ya siku ya 5 na ya 10 utando unapobanduka, wakati mtoto ameshaanza kucheza na mzazi amelegeza uangalizi. Mtoto aliyelala akimeza mate mfululizo amulikwe kooni kwa tochi. Huenda anameza damu. Damu mbichi ikionekana, aketi akiinama mbele, ateme, na apelekwe mara moja katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama damu imekoma. Apelekwe pia akipumua kwa shida, au akikataa kunywa na kukaa nusu siku bila kukojoa.

Shule, mpira na safari za mbali husubiri wiki mbili. Kukoroma huweza kuendelea siku hizo kwa sababu ya uvimbe. Kukiendelea zaidi ya hapo, daktari aelezwe mtoto anaporudi kliniki.