Skani ya CT: Inachoonyesha, na Isichoweza Kusema, Kuhusu Uvimbe wa Ubongo na wa Nyuma ya Jicho

Fomu ya daktari inayomtuma mgonjwa kupigwa skani ya CT ya kichwa huwatia watu hofu kuliko sindano. Wako wanaoikunja na kurudi nayo nyumbani, wakiamini kwamba anayetumwa huko tayari ana saratani. Wengine huogopa gharama, na wengine mionzi. Uvimbe haungoji hofu iishe. Ule ambao ungeonekana ukiwa mdogo huja kuonekana jicho likiwa limeshapoteza nuru, au mgonjwa akiwa amelegea upande mmoja wa mwili.

Ni vyema kuanza na jambo la kutuliza moyo: maumivu mengi ya kichwa hayatokani na uvimbe. Daktari au afisa wa kliniki huanza kuushuku anapoona dalili fulani. Kuna kichwa kinachouma zaidi asubuhi, tena pamoja na kutapika. Kuna kifafa kinachomwanza mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Kuna udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja, tabia inayobadilika hadi jamaa wanasema huyu si yule tunayemjua, au macho yasiyoona vizuri pembeni. Kwa upande wa jicho, dalili kubwa ni jicho kutokeza mbele kuliko mwenzake, kuona vitu viwili viwili, kope kuanguka, au makengeza yanayoanza ghafla.

Eksirei ya kawaida haimsaidii sana mgonjwa wa aina hiyo. Inaonyesha fuvu, lakini kila kilicho ndani kinalaliana juu ya kingine. Mtu anaweza kulipiga tikiti maji kwa kidole na kusikiliza, ila hataijua kila mbegu ilipo mpaka alikate vipande. Skani ya CT hukata kichwa vipande vyembamba namna hiyo, bila kisu. Mashine ina umbo la pete kubwa iliyosimama, na mgonjwa hulala chali kwenye meza inayoteleza hadi katikati yake. Ndani ya pete, chombo cha kutoa eksirei huzunguka kichwa huku vipokezi vikipima kiasi cha miale iliyopenya. Kompyuta huchukua vipimo hivyo vyote na kupiga hesabu hadi ipate picha ya kila kipande, kisha inaweza kuvipanga upya ili daktari atazame kutoka juu, kutoka mbele au kutoka ubavuni.

Kila sehemu ya picha hupewa namba. Maji ni 0. Hewa ni kasoro 1000, mafuta ni karibu kasoro 100, ubongo ni kati ya 30 na 40, damu iliyovuja karibuni ni kati ya 60 na 80, na mfupa hufika mamia kadhaa hadi kupita 1000. Kwa namba hizo daktari wa radiolojia hatazami weusi na weupe tu, bali anaweza kupima kama alichokiona ni maji, mafuta, damu au chokaa iliyoganda ndani ya uvimbe.

Namba hizo hubeba jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyetengeneza mashine ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa skani tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo, na picha iliuonyesha. Kila kipande kilichukua karibu dakika tano. Kabla ya hapo madaktari walilazimika kuingiza hewa kupitia uti wa mgongo ili kivuli cha ubongo kionekane kwenye eksirei, kazi iliyomwacha mgonjwa na maumivu makali. Hesabu za msingi zilikuwa zimeshafanywa mapema na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 alipofanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Kwa hiyo Afrika ina mkono wake katika mashine hii tangu mwanzo.

Sehemu ambayo CT hufanya kazi nzuri ajabu ni tundu la jicho, yaani lile pango la mfupa ambalo jicho hukaa ndani yake. Nyuma ya jicho pamejaa mafuta. Kwenye picha mafuta hayo huwa meusi, na ndani ya weusi huo misuli inayozungusha jicho, neva inayopeleka nuru kwenye ubongo na tezi ya machozi hujitokeza wazi. Kitu kigeni kikiingia hapo hakina pa kujificha. Ndiyo maana wataalamu hupiga tundu la jicho vipande vyembamba zaidi, vya milimita moja hadi tatu.

Hata upande ambao jicho limesukumwa ni habari. Likitokeza mbele moja kwa moja, huenda tatizo liko nyuma yake katikati ya misuli, pengine kwenye neva yenyewe. Likisukumwa chini na kuelekea puani, macho ya daktari huenda kwenye pembe ya juu ya nje, ilipo tezi ya machozi. Na si kila jicho lililotokeza lina uvimbe. Kwa watu wazima, sababu ya kawaida zaidi ni ugonjwa wa tezi ya shingo, na skani huweza kuutambulisha: misuli ya jicho hunenepa katikati huku ncha zake zikibaki nyembamba, mara nyingi kwa macho yote mawili. Mgonjwa kama huyo huhitaji kipimo cha damu na dawa za tezi, na anaweza kuwa amepoteza miezi akihofia saratani ambayo hana.

Wapo pia ambao shida ya jicho lao imeanzia kwenye ubongo, au tuseme kwenye utando unaoufunika. Uvimbe wa utando huo, uitwao meninjioma, kwa kawaida si saratani na hukua polepole kwa miaka. Ukiota kwenye mfupa ulio kati ya ubongo na tundu la jicho, mfupa wenyewe hunenepa na kulisukuma jicho nje kidogo kidogo, kiasi kwamba jamaa huligundua wanapolinganisha picha za kitambulisho za zamani na za sasa. CT huonyesha mfupa ulionenepa vizuri kuliko kipimo kingine chochote. Ukuta unaotenganisha ubongo na jicho ni mwembamba, tena una matundu ya kupitisha neva na mishipa ya damu. Hivyo mgonjwa asishangae akienda kwa shida ya jicho na kuandikiwa skani ya jicho na ya ubongo kwa pamoja.

Kwa watoto mambo hubadilika, na hapa wazazi wanaombwa wasome polepole. Mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye mboni ya jicho lake inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, anaweza kuwa na retinoblastoma, saratani inayoanzia ndani ya jicho. Asisubiri akue. Asitiwe maziwa ya mama wala dawa ya matone kutoka dukani. Apelekwe kituo cha afya na kutumwa kwa daktari wa macho mara moja, kwa sababu kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu ni daktari kutazama ndani ya jicho, mara nyingi mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Katika nchi zenye uwezo mkubwa, ambako hugunduliwa mapema, zaidi ya watoto 95 katika kila 100 hupona. Ukichelewa, uvimbe hufuata neva ya jicho hadi kwenye ubongo.

CT huonyesha vyema chembe za chokaa zilizo ndani ya retinoblastoma, lakini madaktari hupendelea MRI pale inapopatikana. Karibu watoto wanne kati ya kumi wenye ugonjwa huu wana kasoro ya kurithi inayowaweka katika hatari ya saratani nyingine, na mionzi huweza kuiongeza hatari hiyo. MRI haitumii mionzi. Mzazi anaweza kumwuliza daktari swali hilo bila kuona aibu. Ndugu wa mtoto nao wakaguliwe macho.

Lipo jambo ambalo skani haiwezi kulisema, na ndilo linalozua kutoelewana kwingi kati ya familia na hospitali. Picha huonyesha uvimbe uko wapi, ni mkubwa kiasi gani, umesukuma nini, na kama ubongo umevimba kiasi cha kuhitaji upasuaji wa haraka. Jina la ugonjwa, mara nyingi, haitoi. Katika mazingira yetu kuna maradhi kadhaa yanayoiga uvimbe wa saratani. Kifua kikuu huweza kufanya donge ndani ya ubongo. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa kupitia chakula au maji machafu, viluwiluwi huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa mtu anayeishi na virusi vya HIV ambaye kinga yake imeshuka, maambukizi ya toksoplasma huonekana kama pete zinazong'aa, na jipu la usaha vilevile. Yote hayo yana dawa. Ndiyo sababu daktari huuliza kuhusu kikohozi na kutaka kipimo cha HIV ilhali mgonjwa amekuja kwa maumivu ya kichwa. Si udadisi, ni sehemu ya kusoma picha.

Mfano mwingine ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Uganda. Hupenda taya, lakini huingia pia kwenye tundu la jicho, na hukua kwa siku chache mno. Kwenye skani inaweza kufanana na uvimbe mwingine wa nyuma ya jicho, ilhali matibabu yake makuu ni dawa za kemikali, si kisu. Ili kutofautisha, kipande kidogo cha nyama hukatwa na kupelekwa kwenye maabara ya patholojia. Familia inayoambiwa kwamba bado kuna kipimo hicho baada ya skani haichezewi.

Kuna pia sehemu ambazo CT huona kwa shida, hasa nyuma ya kichwa karibu na shina la ubongo, ambako mifupa minene huharibu picha. Uvimbe mwingi wa ubongo wa watoto hukaa huko. Skani ikitoka safi na dalili zikaendelea, mgonjwa arudi, kwa kuwa huenda akahitaji MRI.

Siku ya kipimo yenyewe haina mengi. Vipuli, miwani, pini za nywele au za hijabu na meno ya bandia ya kuvuliwa huondolewa, kwa kuwa chuma huchafua picha. Mgonjwa hulala bila kutikisika kwa dakika chache, na mtoto mdogo anaweza kupewa dawa ya usingizi. Mara nyingi, uvimbe unaposhukiwa, dawa yenye iodini huchomwa kwenye mshipa ili uvimbe ung'ae. Mwili hupata joto ghafla na mtu hudhani amejikojolea. Hajajikojolea, na hali hiyo hupita kwa muda mfupi. Kabla ya dawa hiyo damu huweza kupimwa kuona kama figo zinafanya kazi. Mwenye mzio, pumu, ugonjwa wa figo au anayetumia metformini kwa kisukari aseme mapema. Mwanamke mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia chumbani.

Kuhusu mionzi, skani moja ya kichwa humpa mtu mzima kipimo cha takriban milisiverti 2, chini ya kile ambacho binadamu wa kawaida hupokea kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani. Si sifuri, kwa hiyo skani haipigwi kwa udadisi wala haifai kurudiwa bila sababu. Mashine za eksirei na CT nchini husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, chini ya sheria ya mwaka 2019.

Kurudiwa bila sababu ndiko kunakogharimu wakazi zaidi. Mgonjwa hupigwa skani katika hospitali ya kaunti, kisha hutumwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, akiwa na ripoti ya ukurasa mmoja tu. Daktari wa upasuaji hawezi kupanga njia ya kisu kwa maneno. Anahitaji picha zenyewe. Kabla ya kuondoka idara ya radiolojia, omba sidii yenye picha zote pamoja na ripoti iliyotiwa sahihi, na uziweke mahali pakavu. Skani za zamani zisitupwe, kwani kulinganisha ya mwaka jana na ya leo humwambia daktari kasi ya ukuaji.

Kwa malipo, mkazi ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# na kuhakikisha mchango umelipwa kabla ya ugonjwa kuingia nyumbani. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi kwa kaya. Kabla ya tarehe ya skani, pitia dawati la SHA hospitalini ukiwa na kitambulisho na ile fomu, uulize ni kiasi gani kitagharamiwa na kama idhini inahitajika kwanza.