SOMO: HABARI YA SIMU SI DAWA

Leo hatusemi juu ya kuhara wala malaria. Tunasema juu ya kitu ambacho kijana wako anashika mpaka usiku: simu.

Simu ni kitu kizuri. Inaita muganga, inaleta habari ya ndugu wa mbali. Lakini kijana akipokea habari ya ugonjwa na kuituma palepale kwa rafiki zake wote bila kuuliza, habari ile inaweza kuua.

Sisi tuliona. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, karibu na Beni. Ikafika Katwa na Butembo. Ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2 287 walikuwa wamekufa. Siku zile maneno mengi yalipita katika simu: eti Ebola haiko, eti ni biashara tu, eti anayeenda kutibiwa harudi. Watu walikuwa na hofu tayari, kwa sababu ya vita na mauaji ya Beni tangu 2014. Kwa hiyo waliamini upesi. Wengine walificha mgonjwa nyumbani. Aliyemwosha na kumlisha, naye akaambukizwa.

Kumbe dawa ilipatikana hapa hapa kwetu! Dawa nne zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mwaka 2019 mbili kati yao zilionyesha kwamba wagonjwa wengi waliofika mapema walipona. Aliyechelewa, nafasi yake ilikuwa ndogo.

Leo maneno ya namna ile yanasemwa juu ya chanjo za watoto. Mama, ufanye nini?

1. Usimpige kijana, wala usimtukane. Kaa naye, mwambie: «Nionyeshe ile habari.»
2. Mwulize: Nani aliisema kwanza? Yeye aliona kwa macho? Tumwulize nani anayejua?
3. Kama hajui kujibu, asiitume. Kwanza ulizeni muganga.
4. Usiku simu ilale fasi moja, kwako mama. Kijana anahitaji kulala saa 8 mpaka 10.
5. Wewe pia fuata sheria hii. Mtoto anaiga mama yake.

KUMBUKA: Mgonjwa haponi kwa maneno ya simu. Mlete mapema.

MASWALI
Kwa nini watu walificha wagonjwa?
Habari gani ya ugonjwa ulipokea juma hili? Ulimwuliza nani?