Tiba Lengwa ya Saratani ya Kope: Ni Nini Hasa Kinacholengwa?

Istilahi "tiba lengwa" hupotosha. Tuchukue mfano wa mkazi wa Gataka, kaunti ya Kajiado, aliyeota uvimbe wa saratani ya ngozi kwenye kope. Akiambiwa ipo dawa inayolenga, aghalabu atadhani kwamba dawa hiyo huelekea kopeni tu, mithili ya mshale. Sivyo.

Dawa tunayoirejelea ni vismodejibu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2012 kutibu saratani ya seli za msingi za ngozi iliyoenea au isiyofaa kupasuliwa. Kupasua uvimbe mkubwa wa kope huweza kumgharimu mgonjwa jicho zima. Hapo ndipo penye thamani ya dawa hii. Ni kidonge cha miligramu 150, humezwa mara moja kwa siku, nayo dawa husambazwa na damu mwili mzima. Kinacholengwa si mahali bali ni ishara, yaani mfululizo wa protini unaoziamuru seli zigawanyike. Mfululizo huo una jina la kalunguyeye, kwani Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 1980, waliona mabuu ya nzi wenye hitilafu ya jeni hiyo yamejaa vinyweleo kama miiba. (Anayefasiri "nungunungu" amemtaja mnyama mwingine.)

Ishara iyo hiyo ndiyo humjenga mtoto tumboni. Mjamzito akiimeza dawa hii, mtoto huweza kufa au kuzaliwa na kasoro. Mwanamume naye hutakiwa kutumia kondomu, kwa kuwa dawa hupita katika shahawa. Ladha hupotea, nywele hukatika, misuli hukaza. Aliyeelezwa kuwa dawa ni "ya jichoni tu" atayaulizaje hayo?

Linganisha na utafiti wa Stephen Gichuhi na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, kuhusu saratani ya utando wa jicho, ambayo huhusishwa na jua na VVU. Baada ya upasuaji, wagonjwa walitiwa matone ya fluorourasili mara 4 kwa siku kwa wiki 4. Mwaka ulipotimia, uvimbe ulikuwa umerudi kwa wagonjwa 5 kati ya 47. Kwa waliopewa matone yasiyo na dawa, 17 kati ya 47. Fluorourasili hudhuru seli yoyote inayogawanyika, hivyo haiitwi tiba lengwa, ilhali ndiyo inayotiwa pale pale penye ugonjwa!

Kwa mintarafu hiyo, twapendekeza "tiba ya kuzuia ishara" kwa vismodejibu na jamaa zake.