Hita ya Umeme kwa Mpangaji wa Njombe

Ukiingia dukani Juni kutafuta hita, muuzaji atakuonyesha ile ya bei kubwa na kukuhakikishia kwamba "haili umeme". Usimwamini. Hita ya feni, ya mafuta, au ile ya waya unaong'aa wekundu, zote hugeuza karibu umeme wote kuwa joto. Wati 2,000 ni wati 2,000 tu, hata kama moja inauzwa mara tano ya bei ya nyingine.

Kwa hiyo geuza boksi usome wati, kisha piga hesabu. Wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu kila jioni itakula uniti 6. Kwa siku 30 ni uniti 180. Mteja wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, hulipa kama Sh 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, hivyo hiyo ni zaidi ya Sh 64,000 kwa mwezi. Kuna vyumba vinavyopangishwa kwa chini ya hapo.

Nafuu ni kupasha mwili, si chumba. Blanketi la umeme lina wati 100 hivi: usiku mzima halifikishi uniti moja. Mpira wa maji ya moto ni rahisi zaidi, kwani kuchemsha lita moja na nusu hutumia sehemu ndogo tu ya uniti. Ukikaa mezani, hita ndogo ya kung'aa ikielekezwa miguuni inatosha. Ya mafuta (hayaungui, yamefungiwa ndani) huchelewa kupata moto lakini hutulia, na yenye themostati hujizima chumba kikishapata joto. Inamfaa mwenye mtoto mchanga. Kabla ya yote, ziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Upepo wa Njombe haushindwi na hita yoyote.

Hita isiunganishwe kwenye ekstensheni ya waya mwembamba. Ikishawaka nusu saa, gusa plagi: ikiwa ya moto, zima na umwite fundi aangalie soketi. Nguo zisianikwe juu yake, na kitanda kiwe mbali nayo kama mita moja. Jiko la mkaa chumbani, hata likiwa limeshika vizuri na halitoi moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Walioamka salama jana si ushahidi.

Kama mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wote, zungumza na mama mwenye nyumba na majirani kabla hujanunua. Waonyeshe hesabu ya uniti zako, mkubaliane utachangia kiasi gani zaidi Juni hadi Agosti. Wenzako wenye taa na redio tu watagundua mapema kuliko unavyodhani.